Harufu ya Mkate na Mimba ya Doriette

Nyumba yangu ina tanuri, na tanuri lina harufu yake. Kila asubuhi harufu hiyo hutoka dukani, huvuka barabara na kuingia madirishani mwa watu bila kubisha hodi. Siku za joto hukaa katikati ya barabara kama mtu anayesinzia. Watu wa kijiji chetu huota ndoto zao za mwisho wakiwa ndani ya harufu hiyo. Wengi wameniambia hivyo, na mimi huwaamini, maana sijawahi kukataa sifa.

Mimi ni Vitorin, mwoka mikate. Kijiji chetu kiko kisiwani Gozo, juu kidogo ya vidimbwi ambamo maji ya bahari hukaushwa yakabaki chumvi. Nina miaka hamsini na minane. Kwenye shavu la kushoto nina baka la zambarau lenye umbo la tini. Ukisogea karibu utaona hata kikonyo.

Mama alinieleza lilikotoka. Alipokuwa na mimba yangu, alipita mbele ya nyumba ya jirani yetu Filumena, yenye mtini uani. Akatamani tini, akaomba. Filumena akamnyima. Mama akajishika shavu kwa hasira, nami nikazaliwa na tini shavuni. Shuleni waliniita Tini mpaka nikazoea kuitika. Mama hakumsemesha Filumena tena hadi alipoingia kaburini. Mimi nilirithi tanuri, na kununa huko nako nikakurithi. Filumena yu hai bado. Ana miaka themanini na tisa, na anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Kwa hiyo mnielewe. Kwetu, mjamzito akisikia harufu ya chakula, lazima apewe. Asipopewa, mtoto atazaliwa na alama ya kile alichokitamani. Desturi hiyo haikuandikwa popote, lakini hakuna anayethubutu kuivunja. Mimi niliishika kuliko wote, kwa sababu nilijua uchungu wa kuitwa Tini.

Ndipo Doriette alipopata mimba.

Doriette anakaa ng'ambo ya barabara, mlango ukitazama duka langu. Mume wake ni Salvu, mvunaji wa chumvi. Doriette mwenyewe hufuma lesi, akikaa kizingitini kutwa nzima na mto wake wa kufumia mapajani. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Tangu utoto alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kutingisha vikombe, na sote tulimpenda hivyo alivyo. Walikaa miaka minne bila mtoto. Mimba ilipoingia, barabara nzima ilipata mimba.

Na barabara nzima ilianza kumlisha. Asubuhi nilivuka na mkate wa moto wenye siagi, pamoja na pastizzi mbili, sambusa zetu za jibini, zilizotoka tanurini wakati huo huo. Mchana mama mkwe wake, Karmena, alileta sinia la makaroni yaliyookwa ndani ya kinyunya, kwa sababu Doriette aliyasikia yakinukia. Jioni mtu alikaanga vitumbua vya tende, harufu ikapita kizingitini, na sahani ikaifuata.

"Kula, mwanangu," Karmena alimwambia. "Mko wawili sasa."

"Mama, nimeshiba."

"Wewe umeshiba. Yeye je, umemuuliza?"

Doriette alicheka, akala. Mchana alisinzia palepale kizingitini, vijiti vya lesi vikiwa bado vidoleni. Siku moja nilimkuta amefumbua macho, anatazama mbali.

"Shangazi Vitorin, nimeota tena ndoto ile."

"Ipi?"

"Niko chumbani, kumejaa mikate mpaka kwenye dari. Mtoto yuko nyuma ya mikate. Namsikia ananiita. Kila nikiondoa mkate mmoja, mtu ananiletea miwili. Simwoni."

"Ndoto nzuri," nikasema. "Mikate ni baraka."

Nilisema hivyo kwa roho safi kabisa, na nikarudi dukani kumletea mwingine.

Mwezi wa tano wa mimba alikwenda kupigwa picha ya mtoto tumboni. Ilikuwa wiki ya ishirini. Alirudi macho mekundu. Hawakumwona mtoto vizuri, alisema. Picha ilikuwa na ukungu, na akaambiwa arudi tena. Kisha mkunga alimpima uzito. Alianza mimba akiwa na kilo tisini na sita. Sasa alikuwa na mia moja na tatu, na alikuwa nusu tu ya safari.

"Mkunga gani huyo?" nikauliza.

"Marthese."

Nikabana midomo. Marthese ni mjukuu wa Filumena. Nikajisemea moyoni: nyumba ile ilininyima tini, sasa inataka kumnyima mtoto wa Doriette mkate.

Kesho yake Doriette hakula kitu. Nilimpelekea mkate, akaukataa kwa kichwa. Karmena alileta sinia, likarudi lilivyokuja. Kufika mchana aliinuka kizingitini, akayumba, akashika ukuta, akaketi chini kama gunia la chumvi. Nilivuka barabara mbio na unga mikononi. Uso wake ulikuwa mweupe, na jasho lilikuwa baridi.

"Nataka kupungua," alininong'oneza. "Mkunga amesema unene wangu ni hatari kwa mtoto."

Tulimwingiza dukani, penye kivuli, Karmena na mimi. Salvu alikuwa vidimbwini. Karmena akampigia simu mkunga, bila kuniuliza mwenye duka. Marthese akaja kwa miguu, mkoba begani, na kwa mara ya kwanza mtu wa nyumba ile alivuka mlango wangu. Sikumwambia karibu. Aliingia tu, akapiga magoti, akampima Doriette presha, akamchoma kidole kidogo kupima sukari, na akaniomba kipande cha mkate na jibini.

"Leo unataka ale, jana ulimtisha asile," nikamwambia.

"Sikumwambia akae na njaa, shangazi. Alikuwa analia, nadhani nusu ya maneno hayakumfikia." Akamgeukia Doriette. "Nisikilize, dada. Mimba si wakati wa kujikondesha. Kukaa na njaa kunakuumiza wewe, na mtoto pia. Nilichosema ni kwamba usiongeze uzito ovyo."

"Kwani unene una kosa gani?" Karmena akauliza. "Mimi mwenyewe nilikuwa hivi nikamzaa Salvu."

"Unene si dhambi, mama. Wala simlaumu mtu. Wanawake wengi wanene huzaa salama. Lakini hatari zinakuwa nyingi zaidi, na ni heri tuzijue mapema kuliko zitukute tumelala."

Doriette alikuwa anatafuna polepole. Rangi ilianza kumrudia. "Niambie zote," akasema. "Usinifiche."

Marthese akaketi juu ya gunia langu la unga. Sikumkaribisha huko pia.

"Mwili wenye mafuta mengi hupata shida kuitumia sukari wakati wa mimba," akasema. "Sukari inabaki kwenye damu. Ya ziada inakwenda kwa mtoto. Mtoto ananenepa mno, na siku ya kuzaliwa kichwa kinaweza kutoka na bega likakwama. Hicho ndicho kisukari cha mimba. Ya pili ni presha. Ikipanda sana inadhuru figo na ubongo wa mama, na mtoto hapati damu ya kutosha. Ya tatu, damu inaweza kuganda miguuni, hasa kwa mtu anayekaa kutwa."

Doriette akatazama mto wake wa lesi.

"Na hii ni mimba yako ya kwanza. Njia haijawahi kupitwa na mtoto. Uchungu wa kwanza kwa kawaida ni mrefu, na kwa mama mnene huwa mrefu zaidi. Wengi wanaishia kwenye upasuaji. Kidonda kinachelewa kupona, na damu huweza kutoka nyingi baada ya kuzaa."

"Na ile picha yenye ukungu?"

"Ni mafuta ya tumboni. Yanazuia mashine isione vizuri. Ndiyo maana tutarudia."

Doriette akashika tumbo lake kwa mikono miwili. "Yuko nyuma ya mikate," akasema kwa sauti ndogo, akinitazama mimi.

Ile mikate ilikuwa yangu.

Hata hivyo nina mdomo, na mdomo wangu hauachi jambo bila kugombana nalo. Nikasogea karibu na Marthese, nikamwonyesha shavu.

"Sawa. Tumnyime. Na mtoto akizaliwa na hili? Bibi yako alimnyima mama yangu tini moja. Haya, soma hapa."

Marthese alilitazama baka langu bila haraka, kama mtu anayesoma barua.

"Shangazi, hii ni mishipa midogo ya damu iliyojikusanya chini ya ngozi kabla hujazaliwa. Haitokani na chakula. Nimepokea watoto zaidi ya elfu moja. Nimeona wenye alama ambao mama zao walikula kila walichotaka. Nimeona wasio na alama ambao mama zao hawakupata hata walichohitaji. Siwezi kukuondolea uliyoyapata shuleni. Lakini tini haihusiki."

Nilikwenda kupanga mikate ambayo ilikuwa imekwisha kupangwa.

"Basi nifanye nini?" Doriette akauliza.

"Usile kwa ajili ya watu wawili. Mtoto ni mdogo, hahitaji sinia. Miezi mitatu ya mwisho ongeza kidogo tu, kama hicho kipande ulichoshika. Nusu ya sahani iwe mboga. Samaki au nyama, kiasi cha kiganja chako. Makaroni au mkate, kiasi cha ngumi. Maji badala ya soda. Utembee kila siku, kama nusu saa. Ukifuma, inuka mara kwa mara, nyoosha miguu. Na usikose kliniki hata mara moja. Kwa mwili wako, tungependa uongeze kilo tano hadi tisa kwa mimba yote. Umeshaongeza saba."

"Nikitembea magoti yananiuma."

"Bahari iko wapi?" Marthese akauliza.

Sote tukacheka, maana bahari ilikuwa inaonekana mlangoni.

"Ingia majini mpaka kifuani, utembee humo. Maji yatakubeba. Usiende peke yako. Na kichwa kikikuuma sana, macho yakaona giza au nyota, uso ukavimba, ukapata maumivu makali chini ya mbavu, au mtoto akapunguza kucheza, usingoje kesho. Piga simu saa hiyo hiyo."

Alipoondoka, Karmena alibaki amekunja uso. Hakuwa mkaidi. Alikuwa na woga tu, sawa na mimi.

"Na harufu je?" akaniuliza. "Utazima tanuri?"

Hapo niliwaza. Desturi inasema mjamzito apewe. Haikusema apewe sinia. Mama yangu aliomba tini moja, hakuomba kapu. Kesho yake asubuhi, mbele ya foleni nzima, nikakata kipande cha mkate kidogo kama ukucha wa dole gumba, nikakiweka kiganjani mwa Doriette.

"Sikilizeni," nikatangaza. "Kuanzia leo Doriette anaonja. Anayetaka kumpa zaidi ya ukucha, aje kwanza azungumze na mimi."

Wananijua. Hakuna aliyekuja kuzungumza.

Karmena naye alikuwa na dawa yake ya akiba. Bibi zetu walisema, ukikosa ulichotamani, jishike makalio, ili alama itokee pasipoonekana. Basi kila siku Doriette akipita mbele ya duka langu kwenda baharini, alijipiga makalio mara mbili na kuendelea na safari. Foleni ilicheka mpaka machozi. Baadaye hata mapadri wawili wa kanisani waliokuwa wakizunguka kubariki nyumba walijua kutazama pembeni.

"Angalau ni mazoezi," Marthese alisema alipoona.

Salvu alimsindikiza baharini kila asubuhi kabla ya kwenda kukusanya chumvi. Nilikuwa nikiwatazama kutoka juu, tanuri likiwa limetulia. Walionekana vichwa viwili tu juu ya maji ya buluu, vikienda polepole hadi kwenye jabali na kurudi. Wakati mwingine sikujua kama nawaona au naota. Mwezi wa sita wa mimba kipimo cha sukari kilionyesha kisukari cha mimba. Doriette alilia siku moja. Kisha akajifunza kujichoma kidole na kuandika namba daftarini, na kwa chakula na kutembea, sukari ilishuka bila sindano. Mimi nilianza kuoka mikate midogo ya ngano isiyokobolewa. Wazee walilalamika kwamba inakwaruza koo. Leo wanagombania ya mwisho.

Picha ya pili ilipigwa, na safari hii moyo wa mtoto ulionekana, na uti wa mgongo, na mkono mmoja ulioinuliwa.

"Jana nimeota tena," Doriette aliniambia akitoka majini, nywele zikidondosha matone. "Ile ya chumba. Lakini chumba kilikuwa na maji, na mikate yote imeelea juu. Mtoto alikuwa chini yake, anatembea."

"Ulimwona uso?"

"Aligeuka kidogo tu. Nikaamka."

Alifika hospitali mwishoni mwa mwezi wa tisa wa mimba, wiki ya thelathini na tisa. Alikuwa ameongeza kilo tisa kwa jumla. Madaktari walikuwa wameshapanga kila kitu, kwa sababu walimjua tangu mapema. Walimwanzishia uchungu, na uchungu ulichukua saa ishirini na moja. Kijiji hakikula vizuri siku hiyo. Karmena alikaa dukani kwangu akisali rozari, na kila akimaliza alianza upya. Mimi niliunguza mikate mara mbili, jambo ambalo halijatokea tangu mazishi ya mama.

Salvu alipiga simu mchana, sauti ikikatika. "Msichana," akasema. "Kilo tatu na nusu. Bega halikukwama. Damu ilitoka nyingi kiasi, lakini dawa zilikuwa tayari, wameizuia. Doriette anaulizia mkate wako, Shangazi."

"Ukucha au mzima?"

Nilisikia mtu akicheka nyuma yake, kicheko cha kutingisha vikombe. Nikaketi sakafuni, nikalia kwa furaha kama mtoto.

Walimwita Nerina. Siku alipoletwa nyumbani, Karmena hakungoja hata wageni waketi. Alimfungua nguo mjukuu wake kitandani, akamkagua shavu, shingo, tumbo, mapaja. Mwisho akamgeuza, akainama na miwani yake.

"Makalio safi," akatangaza, na nadhani alivunjika moyo kidogo.

Mtoto hakuwa na alama hata moja, wala ya mkate, wala ya jibini, wala ya tende. Miezi minne nilimnyima mama yake kila asubuhi, na ngozi yake ilikuwa nyororo kama unga uliochekechwa.

Marthese alikuwepo. Alimsaidia Doriette kumshika mtoto vizuri kifuani, maana mama wanene wakati mwingine maziwa yao huchelewa, na wengi hukata tamaa mapema. "Mnyonyeshe mara kwa mara, yatakuja," akamwambia. "Baada ya wiki sita tutapima sukari tena. Ukitaka mtoto wa pili, njoo kwangu kabla, tupunguze uzito kwanza na uanze vidonge vya foliki, vitamini ya kumkinga mtoto." Doriette aliitikia. Hata sasa bado huenda majini, na Nerina hulala juu ya mwamba kwenye kikapu, chini ya mwavuli wa Salvu.

Lakini mimi siku ile sikukaa. Nilitoka taratibu, nikapita dukani, nikachukua mkate wa moto. Nyumba ya tatu. Sikuwahi kubisha mlango ule maishani mwangu.

Filumena alikuwa uani, kwenye kiti, chini ya mtini. Alinitazama shavuni, halafu machoni.

"Wewe ni mtoto wa Ġanna," akasema. "Umechelewa kidogo."

"Miaka hamsini na minane," nikasema.

"Mwaka ule mti haukuzaa, mwanangu. Nilimshika mama yako mkono, nikamleta hapa hapa, nikamwonyesha majani matupu. Akasema nimezificha."

Nikamwekea mkate mapajani. Yeye akainua mkono wake mwembamba, akachuma tini moja iliyoiva mpaka imepasuka, akaniwekea kiganjani. Nikaila nikiwa nimesimama. Kisha nikajishika shavu. Lilikuwa shavu tu.